Maswali na majibu: mwanafunzi wa udaktari chumbani kwako

Siku tatu za wiki natibu. Siku mbili natibu huku nafundisha. Wanafunzi huletwa kwangu wawili wawili kujifunza kazi ya daktari wa familia kabla hawajarudi wodini. Niligusia kazi hiyo katika safu iliyopita, na maswali yakamiminika. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Daktari, kliniki yangu ina foleni ndefu na nimeombwa kupokea mwanafunzi siku moja kwa wiki. Niambie ukweli: atanichelewesha?

Atakuchelewesha. Anayekuambia vinginevyo ama hafundishi, ama wagonjwa wake ndio wanaoulipia muda huo. Nilipoanza nilijidanganya kwamba nitafundisha katikati ya mgonjwa na mgonjwa. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa nyuma kwa saa nzima, na mwanafunzi wangu hakuwa ameambulia kitu zaidi ya kukaa pembeni na kuniangalia mgongo.

Sasa siku za kufundisha napunguza miadi: kila baada ya wagonjwa watatu naacha nafasi moja wazi. Na mwanafunzi hakai kunitazama. Anaingia chumba cha pili na mgonjwa mmoja kwa dakika ishirini, mimi naendelea na wengine, kisha namfuata anieleze mbele ya mgonjwa mwenyewe. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mgonjwa humsahihisha: "Hapana, sikusema kifua, nilisema hapa chini ya mbavu." Marekebisho ya namna hiyo hayasahauliki.

Ukiwa na dakika tano tu, fuata utaratibu uliochapishwa na madaktari wa familia wa Marekani mwaka 1992. Mwache mwanafunzi aseme anadhani ni ugonjwa gani. Muulize kwa nini. Mfundishe kanuni moja, siyo sita. Mwambie alichofanya vizuri, kisha alipokosea. Hatua ngumu ni ile ya kwanza, na ugumu si wake, ni wako. Wewe umeshajua tangu sentensi ya pili, na ulimi unakuwasha. Ukilitamka jibu, kazi yake ya kufikiri umeifanya wewe. Mimi huweka mikono chini ya mapaja na kuhesabu kimoyomoyo.

Nimetoka chuoni miaka kumi na mitano iliyopita. Baiolojia ya seli nimeshaisahau. Naweza kufundisha?

Unaweza. Baiolojia ya seli wana walimu wake. Wakikuuliza usichokijua, sema "sijui, tuangalie pamoja," na muangalie kweli, hapo hapo, mgonjwa akiwapo kama inafaa. Wengi wao hawajawahi kumwona daktari mzima akifungua kitabu bila kuona haya.

Nikimwomba mgonjwa ruhusa ya mwanafunzi kuwapo, karibu wote hukubali. Wanakubali kweli?

Inategemea umeuliza wapi, na nani alikuwa anasikia.

Mwaka wangu wa kwanza wa ukufunzi nilimuuliza mama mmoja wa makamo mwanafunzi akiwa ameshakaa kando yangu, koti jeupe, kalamu mkononi, tabasamu usoni. Akasema, "Haya, hamna shida." Akatueleza habari za goti. Mwanafunzi akalikunja, akalikunjua, akasikiliza linavyokwaruza, tukaandika dawa ya maumivu, tukaagana vizuri. Kesho yake asubuhi mama alirudi. Alichungulia kwanza kuona kama niko peke yangu, ndipo akaketi. "Jana daktari goti halikuwa linauma sana." Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka minne nyuma, na sasa alikuwa akitokwa na damu tena. Dalili hiyo haisubiri. Inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba hadi ithibitike vingine. Nilimpa rufaa siku ile ile. Angeweza kabisa kutorudi.

Tangu hapo ruhusa huombwa mapokezi, mwanafunzi akiwa haonekani, na mhudumu ndiye anayeuliza, si mimi, maana kumkatalia daktari wako ni kazi nzito. Mgonjwa akiingia namuuliza tena. Uchunguzi wa sehemu za siri unahitaji ruhusa yake ya peke yake. Ile ya "mwanafunzi akae" haiutoshi. Na karibu na mwisho humwomba mwanafunzi atoke kidogo, kwa kisingizio chochote. Utashangaa maneno yanayotoka mlango ukifungwa.

Wanafunzi wangu wanachoka. Wanasema huku ni mafua, mgongo na presha tu, ugonjwa wa maana uko hospitali kuu. Niwajibu nini?

Wape hesabu. Mwaka 1961 daktari mtafiti Kerr White na wenzake walichapisha makadirio haya: katika watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja, 750 hivi hupata maradhi au jeraha la namna fulani. Kati yao 250 huenda kwa daktari. Tisa hulazwa. Mmoja tu ndiye anayefikishwa hospitali ya chuo kikuu. Mwanafunzi wako amejifunza udaktari wote kwa kumtazama huyo mmoja.

Halafu mwonyeshe kwamba hayo mafua si mepesi kama anavyodhani. Wodini, mtu mwenye kichwa kinachouma ameshachujwa na madaktari wawili watatu. Kumtafutia uvimbe kwenye ubongo kuna mantiki. Kwetu, wengi mno wanaoumwa kichwa hawana uvimbe, na ukiwapima wote utawaumiza wengi kwa hofu, na kwa vipimo vya kufuatilia vipimo. Lakini yumo mmoja. Ujuzi wetu ni kumtambua huyo bila kuwachosha wengine, na mara nyingi kipimo chetu kikubwa ni muda: "Rudi baada ya wiki. Ukianza kutapika asubuhi, au kuona ukungu, au mkono ukakosa nguvu, usingoje wiki."

Mwanafunzi aandike mwenyewe sentensi hiyo ya mwisho kwa kila mgonjwa anayemwona. Itamtoa jasho. Kisha mgonjwa akirudi, mpe yeye yule yule amwone. Sijaona dawa nyingine ya uchovu inayofanya kazi kwa kasi hiyo.

Mwanafunzi wangu ni mzuri vitabuni, ila hawaachi wagonjwa wamalize kusema. Nimwambieje bila kumvunja moyo?

Usimwambie "jifunze kusikiliza." Neno hilo ameshaambiwa na halimsaidii. Mwambie ulichokiona: "Yule baba alisema 'na kitu kingine', ukamuuliza kama anavuta sigara. Hicho kitu kingine hatukukijua."

Mimi nilikwenda mbali zaidi na kutumia saa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 ulikuta kwamba madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Nilimpima mwanafunzi wangu mmoja, akapata 12. Akanywea. Basi nikamkabidhi saa anipime na mimi, nikiwa na uhakika wa kung'ara. Mgonjwa wa kwanza tu, sekunde 20. Tulicheka wote wawili, na kuanzia siku hiyo tukawa tunachunguzana. Sikuhitaji kumwambia neno lingine.

Malipo yakoje?

Ukipiga hesabu ya saa ulizofundisha tu, si mabaya. Ukiongeza kuandaa, kujaza fomu za tathmini na kusahihisha, yanayeyuka. Kabla hujasaini uliza mambo matatu: saa za maandalizi zinalipwa? Mwanafunzi asipofika, unalipwa? Na mwanafunzi akikosea kwa mgonjwa, bima ya nani inabeba? Hilo la tatu lijibiwe kwa maandishi.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mkufunzi alitusikilizisha moyo wa mgonjwa ambaye valvu yake ya mitrali, mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo, imebana. Wenzangu wote walisema wamesikia, nami nikasema nimesikia. Sikusikia kitu. Nifanye nini?

Marahaba mwanangu. Pengine na mwenzako mmoja au wawili hawakusikia. Mimi mwenyewe niliitikia kwa kichwa hivyo hivyo nikiwa na umri wako, na nikaishi na uongo huo mpaka mwaka wa tano.

Nenda kwa mkufunzi wako peke yako, umwambie, "Jana sikusikia, nilisema tu." Akikasirika, tatizo ni lake. Nikiletewa maneno hayo mimi hufurahi, kwa sababu ndipo ninapojua pa kuanzia.

Kisha mwombe mgonjwa ruhusa upya. Sauti hiyo ni nzito na ya chini, mfano wa ngurumo ya mbali, na mgonjwa akilala chali huwa inapotea kirahisi. Mgeuze alalie ubavu wa kushoto. Tafuta kwa vidole mahali mapigo ya moyo yanapogusa ukuta wa kifua, uweke hapo upande wa stethoskopu ulio mfano wa kengele, uguse ngozi tu bila kukandamiza. Mwambie atoe pumzi na aishikilie kidogo. Usitafute sauti; sikiliza kimya kilichopo kati ya pigo la pili na la kwanza linalofuata, uone kama ni kimya kweli. Bado usiposikia, mwombe mkufunzi aiweke stethoskopu yako mwenyewe mahali penyewe, akuachie masikio.