Jibu: Kumpa mtu mmoja mahali lilipo gofu la kiwanda bila wote kupajua

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, unataka kumwonyesha mwenzako kiwanda kilichotelekezwa, ila picha zisiwafikishe wengine mlangoni.

Kwanza angalia simu. Fungua picha, tazama maelezo yake: ukiona ramani au latitudo, GPS (alama ya mahali ilipopigwa) imo ndani. Izime kwenye mipangilio ya kamera. Kwenye picha za zamani, ondoa alama ya eneo moja moja. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama dokumenti, faili linakwenda zima na eneo lake. Wengi hunasia hapo, maana wanatafuta ubora.

Halafu mandharinyuma. Mnara wa simu, kilima dirishani, kibao cha duka, namba ya nguzo ya umeme: mtu mwenye picha za setilaiti atapapata jioni hiyohiyo. Kata pembeni bila huruma.

Viwianishi (namba za latitudo na longitudo): tarakimu 2 baada ya nukta zina usahihi wa kama kilomita moja, 5 kama mita moja. Mpe 2 kwanza, akueleze anakwenda na nani. Hatari usimfiche hata kidogo: sakafu iliyooza, kisima wazi, paa la asbesto, na mlinzi wa kuombwa ruhusa.