Kwa nini binti wa Kichina mwenye elimu na kazi nzuri bado anashinikizwa aolewe

Ndugu, umeuliza inakuwaje nchi yenye wanaume wengi kuliko wanawake iwe na mabinti wanaoambiwa wamechelewa kuolewa wakikaribia miaka 30. Nilisomea shahada ya uzamili Shanghai pamoja na mabinti wa huko, na kwa nilivyoona, wingi wa wanaume hauwapunguzii mzigo hata kidogo. Waliozidi ni, kwa sehemu kubwa, watu wa vijijini wasio na nyumba mjini wala fedha za mahari, ilhali mabinti wanaosemwa wanaishi mijini, wamesoma, na wazazi wao hawataki mkwe aliye chini ya binti kwa elimu au kipato.

Mwishoni mwa wiki, katika Bustani ya Watu, wazazi hutandaza miavuli chini na kubandika juu yake karatasi zenye mwaka wa kuzaliwa, kimo, shahada, mshahara, na kama mhusika ameandikishwa kuwa mkaazi wa Shanghai. Mama mmoja aliponiona nasoma karatasi yake alinieleza sifa za bintiye kwa kirefu, kisha akanisihi nisiipige picha, kwa kuwa binti mwenyewe hakuwa na habari kwamba ananadiwa pale.

Siwalaumu sana wazazi hao. Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi 2015, iliwaachia wengi wao tegemeo moja tu la uzeeni, na binti asiye na ndugu hana wa kumpokea maswali. Kinachoudhi ni kwamba wazazi wale wale humkataza mapenzi mpaka amalize mtihani wa kuingia chuo kikuu, halafu akishahitimu wanamtaka mchumba mara moja. Mwenzangu wa maabara alikuwa akijitolea kulinda mitambo wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina ili asikutane na shangazi zake (nasi tuliobaki bwenini tukafaidi mapishi yake).

Serikali nayo, ambayo zamani ilihimiza watu wachelewe kuoa, sasa inawahimiza waoane, lakini ndoa zilizosajiliwa zimeshuka kutoka zaidi ya milioni 13 mwaka 2013 hadi takribani milioni 6.1 mwaka 2024. Anayetaka mtoto bila mume naye hana njia rahisi: Xu Zaozao, aliyeishtaki hospitali ya Beijing kwa kukataa kumgandishia mayai yake ya uzazi, ayatumie baadaye, kwa sababu hajaolewa, alishindwa mahakamani 2022, na rufaa yake ikakataliwa 2024.