Kujitolea kufundisha kompyuta shule ya kata: anzia kwenye kufuli la chumba

Mdogo wangu, umesema umemaliza chuo, ajira bado, unataka kujitolea kufundisha kompyuta sekondari ya kata huku Mbeya, ila watu wanakukatisha tamaa kwamba shule hizo hazina hata mashine. Nimeifanya kazi hiyo Rungwe, kwenye kata iliyo juu ya Tukuyu, nakujibu kwa niliyoyaona.

Hiyo habari ya kutokuwa na mashine usiibebe yote. Shule kadhaa utakazobisha hodi zinazo. Nyingine zilitoka kwa wafadhili, nyingine kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, nyingine kwa mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa mjini. Zimepangwa kwenye chumba, zimefunikwa nailoni, mlangoni kuna kufuli, ufunguo anao mkuu wa shule, na watoto wanachungulia dirishani. Ukikuta hivyo usimlaumu mkuu. Kila kifaa kimeandikwa kwenye leja, na siku mkaguzi akikuta mausi mbili hazipo, anayeulizwa ni yeye. Wewe wa kujitolea unaweza kupata ajira Dodoma mwezi ujao ukaondoka zako. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumwondolea hofu hiyo, kufundisha kutafuata.

Mimi niliomba kaunta buku moja. Kila mashine nikaiandika namba kwa maka peni, na kibodi na mausi yake zikapewa namba ileile. Mwanafunzi anasaini akikaa, na kipindi kikiisha viongozi wa chumba wanakagua kila kitu mbele ya wenzao kabla mtu hajatoka. Buku lilirudi ofisini kwa mkuu kila Ijumaa bila yeye kuliulizia. Nikaomba pia mwalimu mmoja aliyeajiriwa apewe ufunguo wa pili na akae nami darasani tangu siku ya kwanza. Hilo la mwalimu ulishikilie hata kama litakuchelewesha. Shule ikikutegemea wewe peke yako, siku ukiondoka kufuli linarudi. Usidhani lazima awe wa hisabati au fizikia. Kwetu aliyejitokeza ni mwalimu wa Kiswahili, na baadaye walimu wenzake walikuwa wakimfuata yeye kuliko mimi.

Walimu wote watakupenda ukiwasaidia matokeo. Wengi bado wanajumlisha alama kwa kikokotoo usiku kucha, darasa lenye watoto 80, masomo tisa. Kaa nao jioni uwaonyeshe jedwali linalojumlisha lenyewe na kutoa daraja lenyewe: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Mwalimu wa taaluma akiona orodha nzima imepangika kwa kubonyeza mara moja, kipindi chako hakiguswi tena kwenye ratiba. Na kitaguswa sana mwanzoni. Somo la kompyuta lipo kwenye mtihani wa kidato cha nne, lakini shule nyingi za kata hazilisajili, na somo lisilotahiniwa ndilo la kwanza kutolewa kafara hisabati inapohitaji muda.

Suala la umeme nenda nalo likiwa na hesabu. Tangu 2016 ile ada ya 20,000 kwa shule za kutwa imefutwa, shule inaendeshwa kwa ruzuku, na mkuu anaogopa bili ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuliko anavyokuogopa wewe. Mwambie hivi: mashine kumi za mezani, kila moja ikila wati 150 pamoja na kioo chake, zikiwashwa saa mbili ni uniti tatu. Ukimpa namba anaweza kupanga. Ukimwambia tu kwamba hazili umeme mwingi, atatabasamu na mlango utabaki umefungwa.

Sasa mashine zenyewe. Rungwe kuna mvua nyingi mno, miteremko mingine inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo unaingia ndani ya sipiyu. Mashine nyingi zilizoandikwa mbovu hazijafa. Chomoa ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha. Ikiwaka lakini tarehe imerudi nyuma miaka mingi na inagoma kuendelea, badilisha ile betri ya duara ya CR2032, ni ya bei ndogo sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini. Zilizochoka kabisa ziwekee Linux nyepesi, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na LibreOffice, programu ya bure ya kuandika na majedwali, na flashi za nje zisichomekwe ovyo, maana vairasi ndiyo iliyoua chumba cha kwanza nilichokiona. Halafu usiache mashine zikae muhula mzima bila kuwashwa. Chumba kinachotumika hukaa kikavu kuliko kilichofungwa.

Intaneti usiisubiri. Kolibri na Kiwix, programu za bure za masomo na Wikipedia zisizohitaji mtandao, zinapakuliwa mara moja ukiwa mjini, unazibeba kwenye diski, na watoto wanasoma Wikipedia na kutazama masomo ya sayansi bila bando. Kwetu kompyuta moja ilihudumia nyingine zote kwa waya. Niliona mtoto wa kidato cha pili akisoma kuhusu volkano huku Mlima Rungwe uko dirishani, akaanza kuwasimulia wenzake kwamba huu nao ni volkano. Kwa kitu kama hicho mimi ningerudi tena bila malipo.

Darasani utakuwa na watoto watatu au wanne kwa mashine. Ukiacha wajipange wenyewe, mvulana mmoja atashika mausi mpaka kengele, na wasichana watakuwa watazamaji. Hili liliniuma sana, kwa sababu wale wasichana ndio waliokuwa wakinifuata baada ya masomo kuuliza. Weka zamu: mmoja kibodi, mmoja mausi, mmoja anasoma hatua kwa sauti, na ukipiga makofi kila mtu anahama. Wanaosubiri wape kibodi iliyochorwa kwenye manila wazoeze vidole. Mvua ikipiga bati hausikiki hata ukipaza sauti, kwa hiyo zoezi la kuchapa liweke tayari ubaoni kwa siku hizo.

Kuhusu taratibu: usiende shuleni mikono mitupu. Chukua barua ya utambulisho serikali ya mtaa au kijiji, andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa Afisa Elimu Sekondari, ambatanisha nakala za vyeti. Omba kwa maandishi angalau nauli au mahali pa kulala, na wala usione aibu, maana kujitolea kwa njaa hakudumu hata muhula. Anza Januari. Ukifika Novemba utakuta mitihani ya taifa imetawala shule yote na hakuna atakayekusikiliza. Na beba sweta, baridi ya Juni na Julai huku vidole havibonyezi.

Ukishajua wilaya uliyopangiwa, niandikie inbox. Jedwali la alama na fomu ya kusaini mashine ninazo, nitakutumia zote.