Kwa nini mtu mmoja hawezi kufua chuma peke yake
Je, mtu mwenye akili akiwa peke yake porini anaweza kufua chuma kutoka kwenye mawe? Hapana, akili peke yake haitoshi, kinachokwamisha ni mikono na chakula. Tazama ufuaji wa jadi wa Wahaya kule Kagera, ulioandikwa na watafiti Peter Schmidt na Donald Avery mwaka 1978: kuna wa kuchimba mawe ya chuma, wa kuchoma mkaa, wa kufinyanga mirija ya udongo ya kupitishia hewa, halafu kundi zima la kupokezana kwenye mivukuto, yaani vifaa vya kupulizia hewa motoni, kwa saa nyingi. Ukiacha kupuliza ili ule, tanuri linapoa. Na hao wote lazima mtu awalimie ndizi. Peke yako porini labda utapata kidonge cha chuma, jembe usahau. Ila si lazima pawe na jiji. Vijiji vyenye akiba ya chakula vilitosha.