Nilishika kifo nikafeli, nikashika maji

Juzi kuna binti kaniandikia inboksi, yuko mwaka wa pili, kapewa shairi la The Waste Land la T.S. Eliot achague dhamira moja aifuate mwanzo mwisho, anasema kasoma mara tatu haoni pa kushika. Mdogo wangu, nakuelewa, shairi hilohilo liliniliza na mimi.

Mimi nilichagua kifo. Nikasema shairi la 1922, vita kuu imeisha juzijuzi, kifo si kimejaa humo? Nikajaza kurasa kumi na mbili. Mwalimu akanirudishia na maneno mawili ya wino mwekundu, "pana mno". Hakunieleza upana uko wapi, na mpaka leo inaniuma maana ile kazi niliikeshea.

Nikarudi kwenye shairi na hasira zangu na penseli, nikapigia mstari kila penye maji. Maji tu. Sehemu ya kwanza mvua ya Aprili inaamsha mizizi iliyolala, halafu mpiga ramli Madame Sosostris anafunua karata anaonya, ogopa kufa maji. Ya tatu ni mto Thames wa London. Ya nne Phlebas, Mfoinike, wale wafanyabiashara wa baharini wa zamani, kafa maji wiki mbili sasa, kasahau faida na hasara, mkondo chini ya bahari unamchambua mifupa. Ya tano inaanza bila hata tone, mawe na mchanga, mtu anapanda milimani anatamani angalau asikie sauti ya maji juu ya jiwe.

Hapo nikaganda. Maji yaleyale yaliyoogopwa kwenye karata ndo yanaombwa huku mwishoni! Radi inanguruma, mto Ganga wa India kina kimeshuka, mawingu meusi yako mbali.

Kwa hiyo shika kitu cha kushikika, kinachogeuka njiani. Kifo changu kilikuwa kilekile ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ndo maana nilikuwa najirudia. Acheni kukimbilia maneno makubwa jamani, mnayapenda kwa sababu yanajaza kurasa. Na sehemu ya nne usiiruke eti kisa mistari 10, mimi niliiruka mara ya kwanza na kumbe ndo inayofunga karata za mwanzo na kiu ya mwisho.

Leo usiku soma ya tano kwa sauti, ukimaliza rudi kwa Sosostris, halafu niandikie umeona nini.