Usimwage mchanga kwenye nyasi saa hizi, subiri joto

Ndugu umeuliza kama umwage mchanga sasa hivi kusawazisha uwanja au usubiri baridi ipite, subiri tafadhali, maana bermuda na zoysia, hizi nyasi za kupenda joto, baridi ikikolea zinalala, hazikui, ukizifukia sasa hazitapata nguvu ya kupenya juu na utaua nyasi bure. Saa hizi ni maandalizi tu. Mvua ikinyesha zunguka uone maji yanatuama wapi, chomeka vijiti na upige picha, miezi ikipita utasahau kabisa. Udongo peleka ukapimwe. Mbolea ya naitrojeni achana nayo wiki kama 6 kabla ya baridi ya kugandisha umande, inachochea majani laini yanayoungua haraka kwa baridi, na usikate fupi sana, hayo majani ndo yanakinga vikonyo, pale chini majani yanapochipukia, visiungue. Magugu ya baridi yawahi yakiwa madogo. Nyasi zikishakuwa kijani kote na zinakua kwa kasi, hapo kata chini kabisa, mwaga mchanga sentimita 1 hivi, sambaza mpaka ncha za majani zionekane, penye shimo refu rudia baada ya wiki kadhaa zikishapenya.