Majina ya mimea hayabukuliwi

Juzi msomaji wangu wa Malindi kaniandikia. Amepata nafasi ya kwenda India kusomea Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, ile shahada ya miaka mitano na nusu ukijumlisha mwaka wa mazoezi hospitalini, na kinachomkosesha usingizi ni majina ya mimea kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India. "Dada, nimeifungua orodha ya mimea ya Kisanskriti nikaifunga papo hapo. Wewe uliwezaje?"

Niliweza, mdogo wangu, na si kwa kubahatisha. Dravyaguna, somo la mimea ya dawa na sifa zake, liliwaangusha wenzangu waliokulia ndani ya Kihindi na Kigujarati, na mimi mtoto wa Mombasa nikatoka nalo kwa alama ambazo mamangu bado anawasomea wageni. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna mwalimu aliyewahi kunisimamisha mbele ya darasa akasema ulimi wa Kiafrika haukuumbiwa Kisanskriti, lugha ya miungu. Darasa zima likacheka. Sijasahau, wala sina haraka ya kusahau.

Kilichomponza yule mwalimu ni kutoijua Mombasa. Kisanskriti hutofautisha herufi inayotamkwa kwa pumzi na isiyo na pumzi. *Phala*, yaani tunda, ina pumzi. Wahindi wengi siku hizi hulitamka kwa f. Sisi tunaomwita paa wa porini kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi, hilo tulilinyonya na maziwa.

Mengine, anatomia na kadhalika, nayaruka. Tuje kwenye majina.

Wenzangu walibukua orodha usiku kucha. Mimi nilikuwa nalivunja jina kisha natafuta mmea wenyewe. *Ashva* ni farasi, *gandha* ni harufu: nusa mzizi mbichi wa ashwagandha, hutauliza tena. *Punar* ni tena, *nava* ni mpya: punarnava hukauka kiangazi ukadhani imekufa, mvua zikirudi ikachipua. *Go* ni ng'ombe, *kshura* ni wembe, na gokshura si kigeni kwako, ni mbigili. Aliyecheza mpira pekupeku anaijua kuliko profesa. Mbarika, ule wa mafuta ya nyonyo, pamoja na jina lake la eranda huitwa panchangula, mwenye vidole vitano. Tazama jani lake tu.

Ninalolipenda kuliko yote ni la kitunguu saumu: rasona. *Rasa* ni ladha, *una* ni pungufu. Ayurveda inahesabu ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ya kukaza ulimi. Kitunguu saumu, kwa hesabu yao, kina tano, kimekosa uchachu. Umevunja neno moja na umepata jibu zima la mtihani.

Majina mengine ni ya mahali. Pippali, pilipili ile ndefu, huitwa magadhi na vaidehi kwa sababu ya Magadha na Videha, nchi za kale upande wa Bihar. Na pippali yenyewe ndiyo iliyopita Uajemi na Uarabuni ikatufikia pwani kwa jina la pilipili. Siku niliyolijua hilo nilitamani yule bwana awe karibu nimwambie lugha yake ya miungu tunaila na mishikaki kila jioni.

Manjano yatakusumbua. Huitwa haridra, lakini pia nisha na rajani, na yote mawili maana yake ni usiku. Vitabu vya kale vya majina, nighantu, vimeruhusu karibu kila neno la usiku litumike kwa manjano. Hapo usijitese kuvunja, bukua tu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo watu huumia. Kulivunja jina hakukwambii umeshika mmea gani. Brahmi huko Kerala ni *Bacopa monnieri*. Ukienda kaskazini unaweza kuuziwa *Centella asiatica*, ambayo ina jina lake, mandukaparni, jani la chura. Shankhapushpi, ua la kombe, inagombewa na mimea minne tofauti, mmojawapo *Clitoria ternatea* yenye ua la buluu. Amrita, kinywaji cha kutokufa, ni jina la mmea wa guduchi, na miti ya haritaki na amalaki imepewa pia. Sifa nzuri kila mtu anaitaka.

Charaka Samhita, kitabu mama cha fani hii, kimelisema hili kale sana: wachungaji wa mbuzi, kondoo na ng'ombe na watu wa msituni wanaijua mimea kwa jina na kwa umbo, ila kujua jina na umbo si kujua matumizi. Nawaomba wale mnaouza unga wa ashwagandha kwenye simu mkisome. Mmejifunza neno moja la Kisanskriti, mkachapisha lebo, mkaanza kumshauri mwenye mimba, na ashwagandha haifai kwa mwenye mimba! Sarpagandha ndiyo balaa zaidi. Jina linasema harufu ya nyoka, wauzaji wanasimulia hadithi ya nyoka, na hakuna anayemwambia mteja kwamba ndani ya mzizi ule mna reserpini, inayoshusha shinikizo la damu na inayoweza kumtia mtu sonona. Mtu anameza dawa za presha za hospitali na huo unga juu yake. Mnaniita mwenye wivu wa biashara. Niiteni.

Kwa hiyo wewe wa Malindi, vunja jina, tafuta mmea, vunja jina, tafuta mmea. Wakikwambia mkaushe mimea na kuibandika kwenye karatasi, kila karatasi andika jina la Kisanskriti, na chini yake jina la Kilatini kwa wino, si penseli. Mtihani wa mdomo wanapenda kuuliza shankhapushpi. Ukiulizwa, mwulize mtahini anamaanisha ipi kati ya zile nne. Mimi nilimwuliza, na alikuwa yuleyule.